Kabla Hujatega Koyote, Tazama Miti

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa wazungumzaji wa Kiswahili hapa Lewiston, Maine, kabla ya msimu wa mitego kuanza. Tunaiweka nzima kwa ajili ya ndugu zetu waliokuwa zamu za kazi siku ile.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, kaka na dada zangu, na nyinyi vijana mliong'ang'ania mlango kule nyuma wakati viti viko wazi huku mbele. Wazee, shikamooni. Wengine, hamjambo?

Nimeombwa niseme habari za koyote. Kijana aliyeniletea ombi alisema hivi: "Mzee, tunataka mwaka huu tuingie msituni tuwatege hawa koyote, maana wanatumalizia kulungu wetu." Nikamwambia rudia. Akarudia: kulungu wetu. Nilifurahi sana. Watu tuliofika huku kutoka Uvira, Baraka, Bujumbura na Kigoma, wengine tukipitia Kakuma na Nyarugusu, leo tunasema kulungu wa Maine ni wetu. Basi kama ni wetu, tuwazungumzie kama watu wanaozungumzia mali yao. Mwenye mali hapigi kelele tu kwamba ameibiwa. Anauliza: kimepungua nini, lini, na nani alikuwa ndani ya nyumba?

Niseme mapema msije mkanielewa vibaya. Mimi sipingi mtego. Kozi ya utegaji nimesoma na leseni ninayo. Babu yangu kule Kasulu alitega nguruwe pori waliokuwa wakifukua mihogo, na hakuna aliyemwita mkatili. Kwa hiyo sikuja kuwalilia koyote. Nimekuja kuuliza kama mtego tunaotaka kuutega utamsaidia kulungu, au utatusaidia sisi kujisikia tumefanya jambo.

Koyote ni nani? Aliyekulia kwetu akimwona kwa mbali atadhani ni bweha, ila huyu ni mkubwa kuliko bweha, mwenye manyoya mazito na mkia mnene unaoning'inia. Miaka 150 iliyopita hapa Maine hakuwepo. Waliokuwepo ni mbwa mwitu wenyewe, wale wakubwa wa kijivu, na walowezi waliwaua kwa bunduki, kwa mitego, kwa sumu, na kwa zawadi ya fedha kwa kila kichwa. Karne ya 19 ilipokwisha, mbwa mwitu wa huku walikuwa wamekwisha nao. Nafasi ikabaki wazi. Koyote, ambaye kwao hasa ni nyika za magharibi, akaanza kusogea mashariki kizazi baada ya kizazi. Njiani, upande wa Kanada, alikutana na mbwa mwitu waliosalia, wakazaana. Ndiyo maana koyote wa huku ana mwili kuliko ndugu yake wa Arizona: dume hufika kilo 15 hadi 20. Maine alianza kuonekana miaka ya 1930, na kufika miaka ya 1970 alikuwa ameenea jimbo zima.

Mnasikia hiyo? Ni mhamiaji. Amekuja akakuta kazi imeachwa wazi, akaifanya. (Kicheko.) Cheka tu, lakini uiweke akilini, maana tutairudia: nafasi ikibaki wazi, koyote huijaza.

Sasa twende kwenye baridi. Wengi wetu tunaishi huku kusini, Lewiston na Portland, ambako kulungu anakula maua ya jirani na kuvuka barabara kama yake. Hapa kulungu hana shida, wengine wangesema wamezidi. Malalamiko mnayoyasikia kuhusu koyote yanatoka kaskazini: Aroostook, bonde la Allagash, huko juu ya ziwa Moosehead. Kule kulungu wa mkia mweupe anaishi karibu na ukingo wa kaskazini wa nchi anayoiweza. Theluji ikipita magoti yake, kila hatua inamla nguvu. Ikifika kifuani, hatembei tena, anaogelea.

Anafanyaje? Anahama. Mwezi Desemba au Januari kulungu wa eneo kubwa hukusanyika kwenye msitu mmoja wa mierezi na misonobari mikubwa, ile yenye majani ya sindano yasiyopukutika. Matawi ya juu yanashika theluji, kwa hiyo chini inakuwa na kina kidogo, na upepo haufiki. Mimi naziita kambi za kulungu. Humo wanakanyaga njia zao, wanakula vijiti na ncha za matawi, na wanaishi kwa mafuta waliyoweka mwilini wakati wa majani. Vijiti havishibishi. Kulungu anaingia kambini amenona na anatoka Aprili akiwa mbavu tupu, kama atatoka.

Kuna mzee mmoja wa Aroostook, mtegaji tangu utoto wake, alinichukua siku moja mwishoni mwa Februari kwenda kuona kambi ya namna hiyo. Mvua ilikuwa imenyesha juu ya theluji, usiku ikaganda, ikatengeneza gamba la barafu. Mzee akaniambia: leo ndiyo siku ya koyote. Kwa nini? Kwa sababu koyote ni mwepesi na nyayo zake ni pana, gamba linambeba. Kulungu ana uzito mara tatu au nne yake juu ya kwato ndogo zenye ncha. Kila akiruka, anatumbukia, na barafu inamkata miguu.

Tulikuta mizoga miwili. Wote walikuwa majike, wote wameliwa na koyote, alama za meno ziko wazi na nyayo zimezunguka kote. Mimi nikasema, basi kesi imekwisha. Mzee hakunijibu. Akatoa shoka, akavunja mfupa wa paja wa yule wa kwanza, akanionyesha ndani. Uboho ulikuwa mwekundu, unatetemeka, laini. Akasema: huyu mafuta yake ya mwisho yalikuwa yamekwisha hata ndani ya mfupa. Koyote amemwahi kwa siku chache tu. Akaenda kwa wa pili, akavunja tena. Huyu uboho wake ulikuwa mweupe, mgumu, umejaa mafuta. Na tumboni alikuwa na mimba. Mzee akasema: na huyu, huyu angefika masika.

Ndugu zangu, nani alimuua wa kwanza? Nani alimuua wa pili? Anayekwambia koyote hana hatia hajamwona yule wa pili. Anayekwambia koyote ndiye anayemaliza kulungu hajauvunja mfupa wa yule wa kwanza.

Tazameni hesabu za uwindaji za jimbo. Mwaka 2007 wawindaji wa Maine walipata kulungu zaidi ya 28,000. Kisha zikaja baridi mbili mfululizo za kutisha, ile ya 2007 kuingia 2008, na iliyofuata. Mwaka 2009 waliopatikana walikuwa 18,000 na kidogo. Kelele za koyote zilipanda mpaka bungeni. Halafu baridi zikalegea, vibali vya kuwinda majike vikapangwa kwa uangalifu, na mwaka 2022 wawindaji wakapata zaidi ya 43,000. Sehemu kubwa ni za huku kusini na katikati, kweli. Lakini niambieni: kati ya 2009 na 2022, koyote walikwenda wapi? Hawakwenda popote. Wako vilevile, na usiku mnawasikia. Kilichobadilika ni theluji, na vibali.

Mtu ataniuliza: mzee, kwa hiyo tukitega koyote, kulungu hawaongezeki? Swali zuri, na bahati njema limejaribiwa na watu wenye fedha kuliko sisi.

Idaho, kuanzia 1997 hadi 2003, watafiti waliondoa koyote katika maeneo fulani na kuwaacha katika mengine, wakawahesabu kulungu wa kila upande. Miaka ambayo sungura na panya walikuwa haba, watoto wa kulungu walisalimika kidogo zaidi pale koyote walipoondolewa. Lakini ukitazama idadi nzima ya kulungu, tofauti ya maana haikuonekana. Baridi na chakula viliamua. South Carolina, ambako hakuna hata baridi ya kusemwa, koyote walikuwa wakila watoto wengi sana wa kulungu. Wakategwa kwa miaka mitatu mfululizo. Mwaka wa kwanza watoto waliosalimika waliongezeka sana. Wa pili wakaporomoka pale pale walipokuwa kabla ya mitego. Wa tatu wakapanda tena. Nani atapanga maisha kwa matokeo ya namna hiyo? Utah wenyewe waliamua kwa sheria mwaka 2012 kumlipa mwindaji dola 50 kwa kila koyote, ili kulinda watoto wa kulungu. Ngoja, usikimbilie Utah. (Kicheko.)

Na wako wataalamu wa California waliokaa mwaka 1975 wakapiga hesabu: ili uwamalize koyote wa eneo, uue wangapi? Jibu lao: uue robo tatu yao kila mwaka, usikose hata mwaka mmoja, kwa miaka 50 na ushee. Robo tatu. Kila mwaka. Miaka 50. Nani hapa ana ratiba hiyo, na zamu za usiku bado hajamaliza?

Sababu ni ile niliyowaambia muitunze. Koyote wakubwa, dume na jike lake, wanashika eneo na kulilinda. Pembeni kuna vijana wasio na kwao, wanaozunguka wakitafuta pa kuingia, na vuli ndiyo wakati wao wa kuhama. Ukimtoa mwenye eneo mwezi Oktoba, mwezi Novemba kuna mpangaji mpya. Waliobaki wanapata chakula tele, majike wachanga wanaanza kuzaa mapema, na watoto wengi zaidi wanakua. Ninyi wa Ziwa Tanganyika mnaujua mtumbwi unaovuja: kuchota maji ni kazi halali kabisa, lakini tundu bado lipo.

Basi mtego hauna kazi? Unayo, ila kazi yake ni nyembamba. Unasaidia pale unapolenga kambi ya kulungu inayojulikana, karibu na wakati wa hatari, mkononi mwa mtu anayejua, na kazi ikarudiwa kila mwaka. Jimbo lenyewe ndivyo linavyofanya: hutuma watu maalum kuwapunguza koyote kuzunguka baadhi ya kambi za kaskazini. Hawatumwi kuua kila koyote wa Maine. Wanamnunulia yule jike mwenye uboho mweupe wiki chache za kupumua. Na sisi wengine? Msimu wa kutega koyote unafungwa tarehe 31 Desemba. Baada ya hapo ni bunduki, na ukiwa na kibali maalum unaruhusiwa kumwinda usiku kuanzia tarehe 16 Desemba hadi mwisho wa Agosti. Kwa hiyo mtego wa baridi mnaouzungumzia una dirisha dogo: mwisho wa Novemba na Desemba yote.

Na ukishaingia kwenye dirisha hilo, usidhani koyote anakusubiri. Pua yake ndiyo macho yake. Mtego mpya wa chuma unanuka mafuta ya kiwanda. Unauchemsha, unaupaka rangi ya magome, unauchovya katika nta iliyoyeyuka, na tangu hapo huushiki kwa mkono mtupu. Vaa glavu ambazo hujashikia petroli wala samaki. Ukifika mahali, usitembee ovyo ukaacha harufu yako kila upande. Mzee wangu wa Aroostook hupiga magoti juu ya kipande cha turubai.

Kisha unachimba kishimo chenye mlalo, upana wa ngumi, chini ya kichaka au jiwe. Ndani unaweka kipande cha nyama na pamba iliyolowa harufu kali. Koyote anaona kwamba mwenzake amezika akiba, naye anataka kuiba. Mtego wa taya, ule unaonasa mguu, unakaa mbele ya kishimo, umezama sawa na ardhi, hautikisiki hata ukiukanyaga pembeni. Ukitikisika, ameshajua. Nyuma unanyunyiza mkojo wa koyote, unaouzwa dukani kwa chupa, na hili mke wangu hajalikubali mpaka leo.

Shida ya Desemba ni kwamba udongo unaganda. Mtego uliozikwa kwenye udongo mbichi asubuhi unakuta umeshikwa na barafu, koyote anapita juu yake na hakuna kinachofyatuka. Wategaji wazoefu hukusanya udongo mkavu wakati wa kiangazi, wakauweka kwenye ndoo ghalani, au wanauchanganya na nta ili usinywe maji. Mnaona? Anayetaka kutega Desemba anaanza kazi Julai.

Na wale waliosikia kwamba ngozi zinalipa: zililipa. Manyoya ya koyote yaliyokomaa kwa baridi ndiyo yaliyokuwa yakipamba kofia za yale makoti ya bei mbaya. Mwaka 2021 kampuni ya Canada Goose ilitangaza kwamba inaacha kutumia manyoya, na ilikuwa mnunuzi mkubwa. Usikope fedha kununua mitego.

Sasa nifike kwenye jambo linalonitia hofu. Wahenga wetu walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Kaskazini ya Maine kuna linksi, paka mwitu mwenye miguu mirefu, nyayo pana kama sahani, vishungi masikioni na ncha ya mkia nyeusi. Anaishi kwa kula sungura wa theluji. Ukitoa Alaska, Maine ndiyo yenye linksi wengi kuliko jimbo lolote la Marekani, na tangu mwaka 2000 sheria ya nchi inamhesabu kuwa kiumbe aliye hatarini.

Zamani jimbo lilikuwa na mpango wa kutega koyote kwa vitanzi vya waya kando ya kambi za kulungu, wakati wa baridi kali. Kitanzi hakiulizi jina. Linksi alipoingia kwenye ulinzi wa sheria, mpango ule haukudumu, ukasimamishwa, na leo kitanzi cha koyote kwa mwananchi wa kawaida ni marufuku. Mwaka 2014, mwezi Novemba, jimbo lilipewa kibali cha shirikisho kinachovumilia linksi wachache kunaswa kwa bahati mbaya. Wiki chache hazikupita, linksi wawili wakafa mitegoni, na serikali ikalazimika kufunga aina fulani za mitego katika maeneo ya linksi kwa dharura. Wategaji wa miaka 40 walifungiwa sawa na wa juzi.

Ninasema hivi kwa sababu sisi tunaonekana. Mzee wa Aroostook akikosea, watasema fulani amekosea. Mmoja wetu akikosea, nani atatajwa? Ninyi mnajua nani atatajwa. Kwa hiyo yashikeni haya. Soma kozi kwanza, ni lazima kabla ya leseni. Omba ruhusa ya mwenye shamba kwa maandishi. Usiridhike na "nilimpungia mkono akatabasamu". Mtego uwe na jina lako na anwani yako. Mtego wa mguu utazame kila siku, iwe theluji, iwe sherehe ya ubatizo. Kama kesho una zamu mbili, leo usitege. Ukikuta linksi, usimguse, piga simu kwa askari wa wanyamapori hapohapo. Ukikuta mbwa wa mtu, mfungue kwa uangalifu ukampelekee mwenyewe na maneno ya heshima.

Jambo langu kubwa nimeliacha mwisho, na najua kuna ambao tumbo limeanza kuwauliza habari za pilau. Nivumilieni.

Miaka ya 1970 na 1980 kiwavi mdogo aliingia katika misitu ya kaskazini akatafuna majani ya misonobari kwa mamilioni ya ekari. Makampuni ya mbao yakakimbilia kuikata miti kabla haijaoza, iliyougua na mingine jirani yake. Kambi nyingi za kulungu, zile zilizokuwa zinajulikana kwa vizazi, zikafunguliwa juu. Kambi isiyo na paa ni uwanja wa theluji tu. Kulungu wanarudi palepale walipofundishwa na mama zao, wanakuta visiki. Wanajibana kwenye kipande kilichosalia, na koyote akija anawakuta wamekusanywa pamoja, hawana nguvu wala pa kukimbilia. Tunamwona koyote kwa sababu ana meno. Msumeno una meno zaidi.

Mti wa kuzuia theluji unahitaji miaka 40, 50, hata zaidi kukua. Na zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya Maine ni mali ya watu na makampuni, kwa hiyo serikali peke yake haiwezi kuamuru kambi ibaki. Hapa ndipo mimi nawaona ninyi. Baadhi yenu mnafanya kazi kwenye viwanda vya mbao. Wengine mmeanza kununua ardhi, ekari kumi, ekari ishirini. Ukinunua ardhi yenye mierezi bondeni, kando ya kijito, usiikate ili upate mandhari ya kupigia picha. Mwite mtaalamu wa wanyamapori wa wilaya, akuambie kama kulungu hulala pale wakati wa baridi. Na idara ya wanyamapori ya jimbo inapoitisha kikao cha kusikiliza wananchi kuhusu uwindaji, twende. Vile viti huwa havijai, nimeviona.

Kina mama wenye huruma, na baba mmoja hapa ninayemjua, msimwagie kulungu mahindi Februari. Tumbo lake wakati huo limezoea vijiti. Akila mahindi mengi ghafla, tumbo linachacha, anakufa ameshiba. Tena unawakusanya barabarani na unamwonyesha koyote meza ilipo.

Nimemaliza upande wangu. Fomu za kozi ya utegaji ziko kwa katibu, na watakaotaka kwenda kuikagua kambi kaskazini pamoja nasi waandike majina leo, waje na viatu vya kweli vya theluji. Maswali tuanze na mama pale mstari wa pili. Mkono ameunyoosha tangu nilipotaja koyote mara ya kwanza, na najua anataka kuuliza kuhusu mbuzi wake. Mama, kabla hujauliza: usiku wanalala ndani au nje?